Mwanafunzi wa Tatu

Lori lililokuwa likirudi tupu kuchukua ndizi lilimshusha Byamungu kwenye njia panda jua likiwa utosini, akatembea kipande kilichobaki na mfuko wa nguo begani. Mguu wa kushoto ulikuwa ukimuuma. Alikuwa ameanguka kutoka jukwaani kule Nyamitanga, mjini Mbarara, ng'ambo ya mto Rwizi, walikokuwa wakipiga plasta ukuta wa nyumba ya watawa. Hilo hakumwambia mtu, maana kibarua aliyeumia hupewa pole na nafasi yake hupewa mwingine. Kila alipopishana na watu alijikaza na kutembea sawasawa.

Katika kambi ya wakimbizi nyumba yake ilikuwa karibu na mwisho wa kijiji, ya udongo, paa nusu bati nusu turubai. Kabla hajaifikia alisikia masomo. Sauti ya mkewe Sidonie ilitoka dirishani ikiwa safi na yenye subira, ile sauti ya ualimu aliyokuja nayo kutoka Fizi, Kongo, kitu pekee ambacho hakuna aliyeweza kumnyang'anya njiani.

"Saba mara nane. Bienvenu?"

"Makumi tano na sita."

"Divine, andika. Hapana hivyo, sita inaangalia huku. Ndiyo. Na weye, Déo, mara tisa?"

Byamungu alisimama, mkono wake ukiwa umeshika mlango wa uzio. Ndani kulikuwa kimya. Ulikuwa ukimya wa kadiri, wa mtoto anayefikiri kabla ya kujibu, na hata kuku waliokuwa wakichakura uani waliinua vichwa.

"Muzuri sana," Sidonie akasema. "Umesikia, Bienvenu? Fanya sawa na kaka yako."

Déo alikuwa mtoto wao wa kwanza. Mwanzoni mwa kiangazi walimu wake walimtuma ziwani, yeye na dumu la maji, kwa sababu bomba la shule lilikuwa limekauka na jiko la walimu halikungoja. Dumu lilikutwa likielea katikati ya mafunjo. Watu walizunguka kwa mitumbwi wakipiga madebe kuwafukuza viboko, wakachokonoa maji kwa miti mirefu huku na huku, wasipate kitu. Mwalimu mkuu alimpokea Byamungu ofisini bila kumpa kiti, akamwambia kwamba mtoto mtoro shule haiwezi kumjibia. Baada ya hapo Byamungu alirudi Mbarara, kwa kuwa nyumbani hakukuwa na cha kupika, na Sidonie akawatoa shuleni watoto wawili waliobaki. Atawafundisha mwenyewe, alimwambia kwa simu. Byamungu alikubali papo hapo. Lakini katika simu zote alizopiga baadaye hakuna aliyemwambia kwamba nyumbani walikuwa wanasoma watatu.

*

Aliingia. Watoto walimrukia, Divine akamning'inia shingoni, Bienvenu akapokea mfuko kama mtu mzima. Sidonie alikuja akamshika mikono yote miwili. Alikuwa amekonda, lakini nywele zake zilikuwa zimesukwa vizuri na kitenge chake kilikuwa safi, na macho yake yalikuwa matulivu kuliko Byamungu alivyotarajia. Utulivu huo ndio uliomtia wasiwasi.

Chumba kiligeuzwa darasa. Ukuta mmoja ulikuwa umepakwa masizi ya betri zilizotwangwa ukawa mweusi tii, na chaki zilikuwa vipande vya muhogo mkavu. Chini palikuwa na mkeka mmoja mrefu. Mbele ya mkeka vililazwa vibao vitatu vya mti. Cha kwanza kilikuwa na mwandiko wa Bienvenu, cha pili tarakimu za Divine zilizopinduka. Cha tatu nacho kilikuwa kimeandikwa. Mwandiko wake uliinama kushoto, kama nyasi zilizolalia upande mmoja.

"Hiki ni cha nani?" Byamungu aliuliza, ingawa alijua.

"Cha Déo," Divine alisema. "Usikanyage pale, Papa. Njo fasi yake ya kukaa."

Mkeka pale mahali ulikuwa umelika, sawa kabisa na pale walipokaa wale wengine wawili.

Walipokula, Sidonie alipakua sahani nne. Déo hakumpakulia, wala hakumtaja. Byamungu alitamani angempakulia. Wazimu wa sahani angeuelewa, amewahi kuuona kwa wanawake wengine, na wanaume wenye akili huuacha upite wenyewe. Lakini huu ulikuwa na saa zake. Asubuhi hadi adhuhuri mtoto alikuwepo, akiulizwa, akisifiwa, akikemewa. Sidonie akishapiga kengele kwa mdomo, hayupo.

"Papa," Divine akasema katikati ya maharage, "Déo anasema mguu wako unauma."

Kijiko cha Byamungu kilisimama. Tangu aingie alikuwa amekaa tu kwenye kigoda.

"Déo anasema ulianguka fasi ya juu."

"Kula," Sidonie akamwambia mtoto kwa upole, bila kumtazama mumewe. "Chakula kinapoa."

*

Siku iliyofuata aliwaambia kwamba amepewa mapumziko, akabaki. Jioni alikwenda kuteka maji bombani ili Sidonie asiende, na pale alimkuta Marcienne, jirani yao, Mrundi mwenye rozari shingoni. Mume wake Herménégilde alikuwa na kibanda cha kushona viatu. Wanawake waliokuwa kwenye foleni walimsalimia Byamungu, kisha wakapata kila mmoja jambo la kuangalia upande mwingine.

Marcienne alimsogelea. "Papa Bienvenu, karibu. Pole na safari."

Jina lile lilimchoma. Miaka yote alikuwa Papa Déo. Hakujua ni siku gani watu walikubaliana kulibadili.

"Yeye akiitwa hivyo haitiki," Marcienne alisema, kama aliyemsoma mawazo. "Ukimwita Mama Bienvenu, anapita kama hasikii. Unajua kwamba mandazi yake hayanunuliwi tena? Anapeleka beseni sokoni, anarudi nalo limejaa. Hakuna anayemtukana. Wanasema tu leo hawana njaa."

"Juu ya nini?"

"Kwa sababu ya sauti. Nyumba yangu iko nyuma ya yenu, sisi tunasikia." Alishusha sauti. "Wakianza kuimba zile hesabu zao, mimi huhesabu. Sauti ya msichana. Sauti ya mvulana. Halafu chini yake kuna nyingine. Herménégilde anasema ni mwangwi wa bati. Labda. Lakini bati liko kwangu pia, na watoto wangu wakiimba halirudishi kitu."

Byamungu alitaka kucheka, cheko likakataa. Dumu lake lilikuwa limejaa na kumwagika, maji yakimlowesha miguu, na wanawake kwenye foleni walimngoja bila kumhimiza. Zamani wangempigia kelele. Aliwashukuru kwa sauti, akasikia jinsi shukrani yake ilivyokuwa ya kinyonge.

*

Bwana Tumuhairwe, aliyekuwa akishughulikia mambo ya watoto katika sehemu ile ya kambi, alifika asubuhi masomo yakiwa yameanza. Alikuwa kijana mnene wa Isingiro, mpole, mwenye viatu vilivyojaa vumbi jekundu. Alisimama mlangoni akavua kofia.

"Mzee, mimi nakuja kwa uzuri," alimwambia Byamungu. "Serikali nataka watoto wote shuleni. Hii ya kufundisha nyumbani, watu wakubwa wananiuliza mimi. Nawaambia nini?"

"Waambie mama yao ni mwalimu," Byamungu alisema.

"Ya Kongo. Ya Kifaransa. Hapa mtihani ni Kiingereza, ssebo, mzee."

Sidonie hakukasirika. Alimwonyesha kigoda. "Bapime, Bwana. Uliza kila kitu unataka. Uone kama banajua ao habajui."

Tumuhairwe hakukaa. Alitoa kitabu kwenye begi lake, akampa Bienvenu, na mtoto akasoma ukurasa mzima wa Kiingereza bila kukwama, huku Sidonie akifuatisha kwa midomo; alikuwa amejifunza Kiingereza pamoja nao, jioni, kwa redio na kwa Biblia ya kuazima. Divine aliulizwa kuhusu mifugo na mvua, akajibu. Tumuhairwe aliuliza mgawanyo, akaandikiwa. Alikuna kidevu. Katika shule ile yenye watoto wamebanana kama kuni kwenye fungu, kwa umri wa Divine wengi hawakujua bado kushika kalamu, naye alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

"Wanajua," alisema. "Siwezi kudanganya. Wanajua sana." Ndipo macho yake yakaanguka kwenye kibao cha tatu. "Lakini nasikia huko nje, watu wanasema iko mwanafunzi mwingine."

"Iko," Sidonie alisema.

"Ni nani?"

"Déo. Mukubwa wangu. Naye umupime?" Akageukia mkeka. "Déo, simama. Salimia mugeni."

Watoto wote wawili waligeuza nyuso kwa wakati mmoja, wakainua macho taratibu, jinsi mtu anavyomfuata kwa macho mtu anayeinuka. Walisimamisha macho kwenye kimo kimoja. Byamungu, aliyekuwa amekaa pembeni, alijikuta naye akiangalia pale, juu ya mkeka, kwenye kimo cha mvulana mrefu kidogo kuliko alivyokuwa mwanzoni mwa kiangazi.

Tumuhairwe alirudi nyuma hatua moja, akaingia juani. Alijifanyia ishara ya msalaba kwa kidole gumba tu, haraka, kifuani.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "mimi sitaki ubaya. Wapeleke watoto shuleni. Hawa wawili. Muhula ukianza nitarudi, na nikiwakuta hapa nitawaambia wakubwa, halafu watakuja wengine, si mimi."

"Na kule shuleni," Sidonie alimuuliza, "maji nani atachota?"

Bwana Tumuhairwe alivaa kofia yake. Akarudi njiani alikotoka.

*

Mchana huo Byamungu alimchukua Bienvenu kwenda kukata majani ya mbuzi wa Herménégilde, wapate kuwa wawili. Walipofika mbali na nyumba, mtoto aliketi chini ghafla akaanza kulia bila sauti.

"Ni mimi, Papa," alisema.

"Weye nini?"

"Niko naandika. Kibao ya Déo. Naandika na mukono wa kushoto, Mama asijue. Siku ya kwanza kibao ilikuwa butupu, na Mama akaiangalia, akaiangalia, akashindwa kusema. Tukakaa vile mpaka jua ikageuka. Kesho yake nikaandika. Mama akafurahi." Alijifuta pua. "Sasa sijue namna ya kuacha."

Byamungu alimvuta akamweka kifuani. Moyo wake ulishuka kama mzigo uliotuliwa. Kumbe ni hivyo, jambo lenye mikono na miguu, mtoto anayemhurumia mama yake. Akamsifu, akamwambia hana kosa, kwamba wataliacha pamoja, polepole.

"Na mambo ya mguu wangu?" akamuuliza. "Weye njo ulimuambia Divine kusema vile? Uliona nachechemea?"

Bienvenu alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Hapana, Papa. Mimi naandika tu. Divine yeye hasomi kibao. Yeye anasikilizaka."

Upepo ulikuwa umekatika. Kutoka pale kilimani ziwa lilionekana lote, jeupe kama bati lililoachwa juani, bila kunyanzi.

*

Walipokuwa peke yao Byamungu alimwambia mkewe aache. Alianza vizuri, kwa sauti ya chini, akamaliza vibaya. Alisema watu wanawacheka, kisha akasema wanawaogopa. Alisema mandazi, alisema Tumuhairwe, alisema watoto wataharibika akili. Mwisho akasema Déo amekufa, na wote wanajua amekufa.

Sidonie alikuwa akichambua maharage. "Ulimuona?"

"Sidonie."

"Ulimuona na macho? Ulimuvalisha nguo? Nionyeshe fasi ulimuzika, nipeleke maua." Vidole vyake havikusimama. "Weye ulienda Mbarara. Sikukulaumu, ulienda kututafutia chakula. Lakini mimi nilibaki hapa na ile nyumba. Nilibaki na kibao yake. Kama mutoto hajafika, mwalimu anaita jina yake. Njo kazi ya mwalimu. Anaita mpaka anafika."

Byamungu angeweza kumwambia kuhusu mkono wa kushoto wa Bienvenu. Aliufungua mdomo, akamwona jinsi alivyokonda shingoni, akaufunga.

"Kesho tunafanya mutihani," Sidonie alisema, kana kwamba wamemaliza. "Nimewaambia batoto. Mwenye hatakuwepo atarudilia kalasi."

Neno hilo Divine alilisikia. Alikuwa amekaa nje, nyuma ya dirisha, akichora duara mchangani, na aliinua kichwa chake kama mtu aliyekumbushwa jambo.

*

Asubuhi Sidonie alifagia, akaandika maswali ukutani kwa muhogo, akapanga vibao. Akawaita watoto. Hawakuitika. Aliwaita tena kutoka uani, na safari hii Marcienne akatokea nyuma ya uzio na binti yake Inès, aliyekuwa na umri wa Divine, akimsukuma mbele.

"Sema ulichoniambia," Marcienne alimwamuru.

"Wameenda ziwani," Inès alisema akitazama miguu yake. "Divine amesema wanamchukua Déo aje kwenye mtihani. Bienvenu alikataa, halafu akamfuata."

Sidonie alidondosha kipande cha muhogo. Walikimbia, Byamungu akiburuza mguu wake bila kuona haya tena, na njia nzima mkewe alikuwa mbele yake, kitenge mkononi, bila kulia wala kuita. Walipita mashamba, wakapita kundi la ng'ombe wenye pembe ndefu lililosimama likiwaangalia, wakashuka kwenye tope jeusi ambako mafunjo yanaanza. Hapo walimkuta Mihigo, mzee aliyekuwa akikata mafunjo ya kusuka mikeka. Alikuwa amesimama kimya na panga lake chini, na mkono wa pili amemshika Bienvenu begani. Bienvenu alikuwa amekikumbatia kibao cha Déo kifuani.

"Musipige kelele," Mihigo alisema kwa kunong'ona. "Na musiingie."

Divine alikuwa ndani ya maji. Yalimfika kiunoni, na gauni lake lilitanda juu ya maji kumzunguka. Aliwapa mgongo. Mbele yake, umbali ambao mtu mzima angeweza kurusha jiwe, migongo miwili ya viboko ilikuwa imelala juu ya maji, mmoja mkubwa, mwingine mdogo ubavuni mwake.

"Iko na mutoto," Mihigo alisema. "Ukiruka ndani, anakuja. Akikuja, binti ataisha mbele yako. Ni kumuita tu. Polepole."

Byamungu aliita kwanza. Sauti yake ilitoka imepasuka. Divine hakugeuka.

"Anakuja, Papa," alisema, akiongea kama mtu aliye chumbani. "Tungoje kidogo. Anasema maji ya ndani ni ya moto."

"Divine, rudi."

"Déo bado." Akapiga hatua moja mbele, na maji yakapanda. Kiboko mkubwa alipuliza pumzi, mvuke ukaruka juu, na masikio yake madogo yakageukia ufukweni.

Ndipo Sidonie aliposogea mpaka tope likamfunika vifundo. Alipozungumza, ilikuwa ile sauti ya darasani, safi na yenye subira.

"Divine. Geuka, uniangalie wakati nasema na weye."

Mtoto aligeuka. Hakuweza kutogeuka.

"Déo hatafanya mutihani."

"Juu ya nini, Mama? Atarudilia kalasi."

Sidonie alinyamaza. Ulikuwa ule ukimya wa kadiri, na wote pale walingoja ndani yake, mzee na panga lake, mvulana na kibao chake, baba na mguu wake mbovu. Midomo ya Sidonie ilijaribu neno, ikaliacha, ikajaribu tena.

"Juu alikufa," alisema. "Déo alikufa. Mu hii maji. Mimi mama yake njo nakuambia."

"Lakini uko unamuuliza masomo. Na anajibu, unasema muzuri."

"Hajibu, mama yangu. Nilikuwa nasema mimi tu. Nilikosea. Mwalimu anakosea pia." Akanyoosha mikono yote miwili. "Kuya sasa. Tembea, usikimbie. Fuata sauti yangu. Moja."

Divine alitazama maji nyuma yake, muda mrefu. Halafu akaanza kutembea.

"Mbili," Sidonie alisema. "Tatu. Muzuri. Ine."

Alihesabu hivyo, na mtoto akaja, maji yakimshuka kiunoni, yakashuka mapajani. Na nyuma yake, wote waliona, msitari wa mapovu ulimfuata. Ulitoka upande wa kushoto, mbali na viboko, ukaja nyuma ya miguu yake kwa mwendo uleule, ukisimama aliposimama. Pale maji yalipomfika magotini msitari ukakoma. Mapovu ya mwisho yalipasuka moja moja, na ziwa likatulia.

Sidonie alimnyakua binti yake akaanguka naye topeni, na sasa ndipo alipolia. Kilio chake kilivuka mafunjo, kikapanda mashambani, na watu waliokuwa wakilima walitupa majembe wakaja mbio.

"Ni gesi ya tope," Mihigo alisema baadaye, bila kuulizwa.

*

Matanga yalifanyika siku tatu uani kwao. Watu ambao hawakuwa na njaa ya mandazi walikuja na kuni, na unga, na masufuria yao. Marcienne alilala chini pamoja na Sidonie, akimshika kila alipotaka kusimama. Herménégilde alichonga msalaba, na kwa kuwa hapakuwa na mwili wa kuzika, walizika kibao, kikiwa na mwandiko wake uliolala kushoto. Bienvenu alitaka kusema jambo kaburini. Byamungu alimbana mkono, naye akanyamaza. Lile lingebaki kati yao.

Shuleni watoto hawakurudi. Muhula ulipokaribia kuanza Bwana Tumuhairwe alifika kama alivyoahidi, akawakuta wakisoma, pamoja na Inès wa Marcienne na mwingine wa jirani. Safari hii aliketi. Alisikiliza somo zima akiwa na kofia yake magotini, akatazama mkeka kutoka mwanzo hadi mwisho. Alipoondoka alimwambia Sidonie kwamba bomba la shule limetengenezwa, kwamba likikauka tena yeye mwenyewe atasimama njiani kuwazuia watoto wasitumwe ziwani, na kwamba mwaka kesho watazungumza tena. Sidonie alimjibu kwamba mwaka kesho ni mwaka kesho. Walikuwa wawili waliochoka, na hilo liliwatosha kwa wakati ule. Sokoni beseni lake lilianza kurudi jepesi, ingawa hapakosekani, hata sasa, mtu anayezunguka njia ya nyuma ili asipite mbele ya dirisha lile wakati wa masomo.

Byamungu hakuweza kukaa zaidi. Msimamizi wa Nyamitanga alikuwa amemtumia ujumbe kwamba kuna ukuta mwingine. Divine ndiye aliyemsindikiza hadi njia panda, akibeba viatu vyake vya kazi, kimoja kila mkono. Tangu siku ya ziwa alikuwa mtoto wa kawaida. Alikula, aligombana na Inès, aliandika sita zake zikiangalia huku. Hakuna aliyemtajia jambo, naye hakulitaja.

Lori lilionekana kwa mbali likija na ndizi zake, vumbi likiinuka nyuma. Byamungu alichuchumaa mbele ya binti yake. Alikuwa amelipanga swali lake kama baba anayetaka kujua kwamba mtoto amepona.

"Na Déo? Siku hizi anasema nini?"

"Hasemi tena, Papa."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Hilo ndilo jibu alilokuwa amelitaka. Lilimwingia, na kitu ambacho alikuwa amekishikilia tangu mwanzoni mwa kiangazi, ofisini kwa mwalimu mkuu, jukwaani Nyamitanga, matangani mbele ya watu, kilimponyoka. Lori lilipiga honi.

"Sikiliza vizuri," alimwambia.

Divine aliviweka viatu chini. Aliinamisha kichwa upande mmoja, akafumba macho, akasikiliza kwa bidii ya mwanafunzi mwema asiyependa kumvunja moyo mwalimu wake. Alisikiliza mpaka lori likafika na kusimama, na watu waliokaa juu ya ndizi wakawa wanawatazama. Kisha akafumbua macho, akatikisa kichwa.

Byamungu aliokota viatu vyake akapanda.